Mama Halali Chini ya Paa la Mkwe

Barabara inayopita mbele ya geti la Mama, kabla hujafika Malava ukitoka Kakamega, kwenye ramani inaitwa A1. Inaanzia Isebania mpakani mwa Tanzania, inapita Kisii, Kisumu, Kakamega, Webuye, Kitale na Kapenguria, kisha inateremka jangwani hadi Lodwar na kwenda kuishia Nadapal, mpakani mwa Sudan Kusini. Mimi niliikariri shuleni kwa viboko. Mama anaijua kwa njia yake: kuna matrekta ya miwa yanayodondosha miwa ikagombaniwa na watoto, kuna matatu zinazopiga honi hata pasipo na abiria, na kuna yale malori ya alfajiri yanayonuka samaki wakavu mpaka aliyelala anaamka. "Samaki wa Kisumu hao," husema, na kufunga dirisha. Hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini samaki wa Kisumu watoke upande wa Webuye.

Dada yangu anaishi Lodwar. Alienda kufundisha huko miaka kumi na mmoja iliyopita, akaolewa huko, akazaa watatu huko. Kila Desemba ndiye anayekuja. Anapanda basi usiku na watoto, anashuka Kitale akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, anaunganisha matatu ya Webuye, kisha nyingine, na jioni anaingia getini. Sisi tunampokea mizigo, tunampa kiti kizuri na kusema, "Pole, umetoka mbali." Mwaka unaofuata ni hivyo hivyo. Katika miaka hiyo yote hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda kwake. Mimi nilikuwa na visingizio vya kutosha: kazi ya Kisumu, gari bovu, majambazi wa barabarani, joto. Mama alikuwa na kimoja tu, na hicho hakikuwa kisingizio.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawazoeani. Mama alilelewa akijua kwamba ukimwona mkwe wako anakuja njiani, mmoja wenu anapisha. Hampeani mkono, hamketi meza moja, na zaidi ya yote, mama halali chini ya paa la mkwe. Vijana wa siku hizi wanaona ni mambo ya kale. Nina majirani Kisumu ambao mama mkwe anaishi sebuleni na kugombania rimoti. Mama yangu si wao. Alipokuwa akiulizwa lini atamtembelea binti yake, jibu lilikuwa lile lile: "Nikifika nitalala wapi?"

Mwaka jana mwezi wa kumi dada akapiga simu, akasema haji. Nauli ya watu wanne kwenda na kurudi imemshinda, na mtoto wa mwisho hutapika kuanzia Marich hadi Kitale. "Njooni nyinyi," akasema. "Njia ni ile ile."

Shemeji naye hakulala. Ni Mturkana, mtu mpole, fundi wa pampu za visima, na miaka hii yote amejifunza mila zetu kuliko mimi. Akampigia amu yangu, akaomba rasmi mama mkwe aruhusiwe kumtembelea, akatuma blanketi na pesa ya mbuzi. Wazee wakaketi, wakakubali. Suala la kulala likabaki. Nikapendekeza lojing. Mama akanitazama kama mtu aliyemtukana. "Nitoke kwangu nikalale lojing mjini kama mlevi?" Lakini njia nyingine haikuwepo, kwa hiyo nikalipa chumba siku tano kwa simu, na pesa hiyo mpaka leo haijarudi.

Tulisafiri na Probox yangu. Sitaki kuorodhesha vyote alivyopakia Mama, ila mjue tu kwamba nilishindwa kuona kioo cha nyuma. Mikungu miwili ya ndizi. Mboga za saga, mrenda na kunde ndani ya gunia lililoloweshwa maji. Miwa iliyokatwa vipande. Miche mitatu ya parachichi kwenye mikebe. Na kuku wanne waliofungwa miguu ndani ya katoni, kwa sababu Krismasi bila kuku kwa Mluhya ni Jumanne tu. Nilimwambia kuku wako hata Lodwar. Akasema hao ni wa huko.

Mpaka Kitale mambo yalikuwa ya kawaida. Makutano, pale Kapenguria, kulikuwa na ukungu na tukanunua chai. Ndipo mahali Kenyatta na wenzake watano walipohukumiwa mwaka 1953, na Mama, ambaye wakati huo hakuwa amezaliwa, alisimulia kesi yote kama aliyekuwa kwenye benchi la mbele. Hapo uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Lodwar iko kama mita 500. Tofauti hiyo yote unaimaliza kwa saa chache za kushuka. Barabara inajikunja pembeni mwa milima ya Cherangani, inapita Ortum chini kabisa ya mwamba, halafu Marich milima inafunguka kama mlango, na kinachoingia kupitia mlango huo si hewa, ni kitu kingine. Mama alivua sweta. Mbele kidogo akavua kitambaa. Mbele tena akavua viatu, akaviweka mapajani.

Kainuk tulisubiri magari mengine tuandamane. Kipande cha kuanzia hapo kuelekea Lokichar kimekuwa na sifa mbaya kwa miaka mingi, na magari yamekuwa yakisindikizwa na polisi. Siku yetu hakukutokea lolote. Niseme ukweli, nilikuwa nimeogopa bure miaka kumi na mmoja, huku dada yangu akipita hapo usiku na watoto bila hata kututajia.

Kilichotokea ni kuku. Tulisimama Lokichar kununua maji, mji ambao ulipata jina duniani mwaka 2012 mafuta yalipogunduliwa kwenye kisima cha Ngamia 1. Mama akafungua katoni. Wawili walikuwa wamekufa, midomo wazi, ndimi zimekauka kama ganda la tunda. Wawili waliobaki walikuwa wakihema na mbawa zimeachana. Mama hakusema neno. Alichukua chupa ya maji niliyotoka kuinunua, akamimina kwenye kiganja, akawanywesha mmoja mmoja. Kijana aliyeniuzia maji alisimama akitazama kwa namna ambayo sikuielewa wakati huo. Baadaye nilielewa: ile ilikuwa chupa baridi, ya bei, na bibi mgeni alikuwa ananywesha kuku.

Tuliingia Lodwar saa kumi na moja jioni. Sikutegemea mji. Nilitegemea mahema na ngamia, kama picha za magazeti. Ni mji kweli, una kelele na boda boda kuliko Kakamega, mabati yanang'aa kila upande, na juu ya kilima kuna sanamu ya Yesu amenyoosha mikono juu ya vumbi lote hilo. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, watu wameingia hapa kutoka kila kona. Kwenye kioski cha kwanza tulichosimama kuulizia njia, muuzaji alikuwa Mbukusu, Mluhya kama sisi.

Nyumba ya dada ina vyumba viwili, ukuta wa mawe, ua wa miti iliyosimikwa, na mwarobaini mkubwa katikati. Watoto walikuja mbio, "Kukhu! Kukhu!", na Mama akalia kidogo, akafuta, akaanza kutoa amri. Ndizi ziwekwe kivulini. Mboga zipepetwe. Akaomba maji ya kunawa.

Mtoto wa kati, msichana wa miaka saba, ndiye aliyeleta. Kibuyu kidogo cha plastiki mkono mmoja, beseni mkono wa pili. Mama ananawa kama alivyonawa maisha yake yote: anamimina, anasugua, anamimina tena, anajirushia usoni. Kakamega mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000. Lodwar mara nyingi haifiki 200, kiasi ambacho mwezi mmoja mzuri wa masika kwetu unaweza kukipita. Mtoto yule hakusema kitu. Alisogeza beseni kila mkono wa Mama uliposogea, kama kipa, hata tone lisianguke chini. Mama alipomaliza, mtoto akanyanyua beseni kwa mikono miwili, akatembea polepole bila kulitikisa, akalimimina kwenye shina la mwarobaini. Maji yalizama kabla hajamaliza kuinama.

Mama aliona. Kuanzia hapo alinawa kwa vidole vitatu.

Usiku ndio nilikuwa nauogopa. Tulikula, na Mama akabaki ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, viatu miguuni, akisubiri kupelekwa lojing. Shemeji alikuwa amekula peke yake upande wa pili wa ua, kwa heshima, na mgongo ametupa. Saa tatu. Joto halijapungua hata kidogo, ukuta wa nyumba ukiugusa unachoma bado. Dada akaanza kutoa magodoro. Akayapanga juu ya vitanda vya chuma chini ya mwarobaini, akafunga vyandarua kwenye matawi na kwenye waya wa kuanikia nguo. Shemeji akachukua mkeka wake akaenda kuutandika karibu na geti.

Mama akauliza kwa Kikabras, taratibu, "Yeye analala wapi?"

"Hapo getini."

"Na watoto?"

"Hapa."

"Na wewe?"

"Hapa na watoto."

"Basi ndani analala nani?"

"Ndani, Mama," dada akasema, "hulala sufuria."

Mama akatazama juu. Nami nikatazama. Kulikuwa na matawi ya mwarobaini, na juu ya matawi nyota nyingi kiasi cha kukera. Alikaa hivyo muda mrefu, shingo nyuma, akilipiga hesabu jambo hilo na mama yake na bibi yake waliokwisha kufa. Halafu akavua viatu. "Hili si paa la mtu," akasema, na kupanda kitandani akiwa na mkoba wake.

Najua wapo watakaosema alidanganya mila. Sidhani. Nadhani alisoma sheria vizuri kuliko sisi tuliokuwa tukiisimulia. Asubuhi upepo ulikuja na mchanga, tukaamka wote tukiwa na rangi moja.

Siku iliyofuata wakwe walikuja kutoka bomani, mwendo wa nusu siku: baba yake shemeji, mama yake, ndugu wawili na beberu. Mzee alikuwa na ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mchana Mturkana hukikalia na usiku hukilalia kichwa. Salamu zilichukua muda. "Ejoka?" "Ejok." Mama alilijaribu neno hilo na kulikosea, wakacheka wote, na mama wa shemeji akamshika mkono hakuuachia tena mpaka nyama ilipoiva. Mbuzi alichomwa vipande vikubwa juu ya moto wa mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia mchanga na sasa unazuia kila kitu. Hakuna aliyeuliza chumvi iko wapi isipokuwa mimi.

Baada ya kula mzee aliuliza swali, shemeji akatafsiri: "Anauliza, Kenya iko namna gani?"

Nilidhani anauliza siasa, nikaanza kujikusanya nijibu. Mama akanitangulia. "Kwani hapa ni wapi?"

Shemeji akacheka. Ndivyo wanavyosema wazee. Ukienda Kitale, umeenda Kenya. Ukirudi, umetoka Kenya. Na si utani wa bure. Wakoloni waliifunga Turkana, mtu wa nje hakuingia bila kibali na wa ndani hakutoka ovyo. Ilikuwa mbali kwa makusudi, mbali iliyotungiwa sheria. Ndiyo maana baada ya Kapenguria walimpeleka Kenyatta Lokitaung, kaskazini zaidi, na kifungo kilipoisha mwaka 1959 wakamweka hapa Lodwar chini ya ulinzi hadi 1961. Kwao huku kulikuwa mahali pa kumtupa mtu asionekane. Nikawaza kwamba sisi nasi tulikuwa tumemweka dada yangu huku bila amri ya mtu yeyote, na kila Desemba tukampa pole.

Sikulisema hilo. Nilimwambia mzee Kenya iko salama. Mama akaongeza, "Mwambie mvua imenyesha," na mzee akaitikia kwa kichwa kwa muda mrefu, kama aliyepewa habari pekee yenye maana. Wakati wa kuondoka akanipa ekicholong. Niliilalia usiku huo kwa adabu. Shingo iligoma siku mbili.

Krismasi yenyewe ilikuwa kanisa na chakula, haina mengi. Kuku wawili waliosalia walipikwa na Mama mwenyewe, na nitakiri walikuwa na ladha ya nyumbani, ingawa inawezekana ilikuwa ladha ya ubishi. Saga zilikuwa zimekufa ndani ya gunia. Miche ya parachichi shemeji aliipokea kwa mikono miwili, akauliza inahitaji maji kiasi gani. Mama akafungua mdomo, akamtazama mjukuu wake wa kati, akaufunga. "Kidogo," akasema. Mmoja bado uko hai, nimetumiwa picha.

Tarehe 27 tulienda Kalokol kuona ziwa. Njiani kuna mahali panaitwa Namortung'a, nguzo za mawe meusi zilizosimama zimeinama pembeni mwa barabara. Wenyeji husema walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuka mawe. Wataalamu wa mambo ya kale wanahesabu nguzo kama hizo katika eneo hili kuwa na miaka elfu kadhaa. Anayepita huongeza kijiwe. Mama ni Mkweka, muumini wa Kanisa la Marafiki, tangu utotoni na haamini mambo hayo, kwa hiyo aliongeza kimoja tu.

Ziwa Turkana ndilo ziwa la kudumu kubwa kuliko yote duniani lililo jangwani, na sehemu kubwa ya maji yake yanaletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia. Hayo nilimsomea Mama kwenye simu. Yeye aliinama, akachota, akaonja, akatema. "Magadi." Lakini nilimwona anatazama huku na huku kwa namna ambayo hakuutazama mji. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwa safu, wanapasua samaki kuanzia mgongoni, wanawafungua kama kitabu, wanawapaka chumvi na kuwaanika juani. Pembeni kulikuwa na marundo yaliyokwisha kauka, na harufu. Mama aliinua pua.

"Hii harufu naijua."

Vijana walikuwa wakipakia lori. Akaenda moja kwa moja kwa yule aliyekuwa akihesabu mafurushi.

"Mwanangu, hawa wanaenda wapi?"

"Kisumu, mama. Wengine Busia."

"Wa Kisumu wanapita wapi?"

"Kitale, Webuye, Kakamega..."

"Malava?"

"Malava hapo hapo. Tunapita alfajiri."

Mama alinigeukia kama mtu aliyefichwa jambo na mwanawe mwenyewe. Kisha akamgeukia yule kijana na kumhoji vizuri. Yanapita mara ngapi kwa wiki? Yakirudi huku yanabeba nini? Kijana akasema yakirudi ni mahindi, maharagwe, wakati mwingine ndizi, chochote chenye nauli. Nikasikia Mama akivuta pumzi. Njia nzima ya kurudi Lodwar hakuongea, isipokuwa mara moja, kumuuliza dada kama soko la ndizi liko karibu na kwake.

Kurudi nyumbani kulikuwa kwepesi, gari tupu. Mkwe alitusindikiza hadi Lokichar kwa pikipiki, na pale, barabarani, mbele ya watu, Mama akampa mkono. Kila mmoja wao akatazama upande wake. Dada alisema baadaye kwamba shemeji hakuunawa mkono huo hadi jioni, ingawa kwa Lodwar hilo si ushahidi wa kutosha.

Wiki ya pili ya Januari nilikuja kutoka Kisumu kumwona. Nililala chumba cha mbele. Saa kumi na moja alfajiri harufu ile ikaingia, nikanyoosha mkono kufunga dirisha, nikasikia sauti nje. Nilipochungulia, lori lilikuwa limesimama getini, taa zimewaka, injini inaunguruma. Mama alikuwa chini ya mlango wa dereva, blanketi la mkwe mabegani, tochi mkononi, mikungu miwili ya ndizi miguuni pake.

Dereva alikuwa akimweleza kwamba sasa hivi anaelekea Kisumu, atarudi keshokutwa, na kila mkungu hadi Lodwar ni mia tatu.

"Mia mbili," Mama akasema. "Kwani ni mbali?"